Vijiti vya Mjozi Ndani ya Friji

Juzi mvua ya barafu ilitupiga hapa Rockville, Maryland. Si theluji nasema, rafiki yangu. Theluji ina upole wake, inashuka kimya na watoto wanaifurahia. Nasema ile mvua inayonyesha kama maji ya kawaida kisha inaganda papo hapo ikigusa waya wa umeme, kioo cha gari au tawi la mti. Nilikuwa jikoni nakoroga uji niliposikia tawi la mti wa jirani likikatika, paa, na mwiko ukanibaki mkononi. Wengine wakisikia mlio huo wanawaza stima kupotea. Mimi nilirudi moja kwa moja Adelphi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana wa miaka tisa mwenye kosa ambalo sikulisema.

Tulikaa ghorofa ya pili, karibu na University Boulevard, kwenye yale majengo ya matofali mekundu yaliyojaa watu wa kila taifa. Ukipanda ngazi saa kumi na mbili jioni ulijua kila nyumba inapika nini bila kubisha mlango: kwa Wasalvador mahindi yanachomwa kwenye kikaango, kwa Wakongo sombe ya majani ya muhogo, kwetu chapati na dengu. Mama alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee Silver Spring, akifanya shifti mbili mfululizo, na kwa hiyo alimleta Shosho kutoka Kirinyaga aje kutulea. Shosho ndiye bibi yangu, mama yake mama. Alikuja na sanduku moja, biblia, na kisu kidogo chenye mpini wa mfupa ambacho alikifunga kwenye soksi ndani ya sanduku.

Kisu kile kilikuwa cha kazi. Kwao Shosho alikuwa fundi wa kubebesha miche ya makadamia. Kama hujui kubebesha, ni hivi: unachukua kijiti cha mti unaozaa vizuri, unakichonga, unakifunga juu ya mche wa mti mwingine wenye mizizi imara, na Mungu akijalia vinashikana vinakuwa mti mmoja. Miaka ishirini alifanya hivyo kwenye kitalu. Hapa Amerika alikuwa anakunja nguo na kungoja basi letu la shule, na alichoka mpaka akaanza kugombana na televisheni. Basi akapanda makadamia kwenye ndoo, kule barazani. Mwezi wa tano yakaota, wa saba yakapendeza, na yeye akawa mtu mwenye furaha. Mwezi wa kumi na moja ukafika. Asubuhi moja tulikuta majani yote meusi, yamelegea kama mboga iliyosahaulika kwenye sufuria. Shosho aliyatazama sana, kisha akasema kwamba nchi hii haina adabu.

Aliyekuwa akituona kutoka ng'ambo ya ua alikuwa jirani yetu, mzee Mzungu aliyeishi peke yake kwenye nyumba ndogo nyuma ya majengo yetu. Sisi watoto tulimwogopa kwa sababu mpira ukiingia kwake aliurudisha bila kusema neno. Siku ile Shosho alipokuwa anamwaga ndoo zake karibu na ua, mzee akaja, akaitazama miche iliyokufa, akacheka. Shosho alikasirika hasa. Aliniambia, "Muulize anacheka nini." Nikauliza. Mzee akasema hacheki miche, anajicheka mwenyewe, maana na yeye ameua miti mingi kuliko mtu yeyote wa mtaa huu. Akaingia ndani akarudi na bakuli la njugu kubwa zenye maganda yaliyokunjamana. Kiswahili cha vitabu kinaziita jozi, na mti wake ni mjozi. Sisi watoto tulisema wolnati, na Shosho, baada ya kuonja moja, akasema hizi ni makadamia za Wazungu, na si mbaya.

Hapo ndipo nilipopata kazi ya ukalimani. Kila Jumamosi nilikaa kati ya watu wawili hawa, mzee na Kiingereza chake cha polepole, Shosho na Kiswahili chake cha mlimani kilichochanganyika na Kikikuyu, nami katikati nikitamani kwenda kucheza. Mzee alipenda kueleza. Alisema watu waliohamia huku zamani walileta njugu za makwao, kutoka nchi za jua, wakapanda. Majira ya baridi ya kwanza yakazimaliza. Wakaleta tena, zikafa tena. Ilichukua miaka mingi watu wagundue kwamba walikuwa wanakosea mahali pa kuanzia. Hukupaswa kutafuta mbegu kwenye mti mnono wa bondeni. Ulipaswa kukwea milima kule Ulaya ya mashariki, mahali ambapo theluji inafika kiunoni, uutafute mti uliokaa pale na bado unazaa, uchukue mbegu zake.

Baba yake mzee alipelekewa mbegu za aina hiyo kwa posta, gunia dogo. Akazipanda nyuma ya nyumba mistari miwili. Mwaka wa kwanza nusu zikafa. Ukaja msimu mmoja wa baridi kali, mzee akiwa mtoto, na ulipokwisha ulikuwa umebaki mti mmoja tu. Ndio huo uliokuwa unatupa kivuli hadi upande wetu wa ua. Miaka mingi mzee alijaribu kuubebesha ili apate mwingine. Sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka, na kisu kikitetemeka hakuna kitakachoshikana. Nilipomtafsiria Shosho hayo, alikunja mikono ya sweta akasema, "Mwambie mimi sitetemeki."

Nawe sasa unajua kwa nini mvua ya barafu inanitia baridi ya moyo. Januari ile ilinyesha siku mbili. Siku ya pili mchana tulisikia mlio, si wa tawi, ni wa kitu kizima kinachopasuka, na tulipotoka barazani mjozi ulikuwa umegawanyika kati kwa kati kwa uzito wa barafu. Nusu moja ililala chini, nusu nyingine iliegemea paa la mzee. Watu wa kukata miti walikuja kesho yake. Shosho alivaa makoti mawili na viatu vya mama, akatoka na kisu chake kabla mashine hazijawashwa, akapita kwenye matawi yaliyoanguka akichagua vijiti vya mwaka uliopita, vyenye unene wa penseli na macho ya kuchipua. Alipata ishirini. Akavifunga kwa gazeti lililoloweshwa, akaviweka kwenye mfuko wa plastiki, akavilaza kwenye droo ya mboga ya friji yetu. Ya mzee ilikuwa imeharibika tangu stima ilipokatika. Vijiti vilitakiwa vilale pale mpaka mwezi wa tano. Kufikia jioni mti wenyewe ulikuwa kuni.

Mzee alisimama dirishani kwake siku nzima. Kabla hajafunga pazia alitupungia mkono, na Shosho akampungia.

Mwezi wa tatu tulipata mgeni. Alikuwa kijana wa Bukavu, amekaa miaka kambini kabla ya kuletwa Maryland, na kanisa letu lilikuwa linamtafutia nyumba. Alilala kwenye kochi letu. Sisi tulimwita Anko. Watu wa kanisa walimpa koti, sufuria, viatu, blanketi, redio, na kila akipewa kitu alishika kwa mikono miwili na kusema aksanti, lakini nilikuwa naona uso wake ukizidi kuwa mzito. Sikuelewa. Sasa naelewa: alikuwa amechoka kupokea tu, hana hata kijiko cha kumpa mtu.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa naangalia katuni kabla ya kwenda kanisani. Anko alifungua friji kutafuta maziwa. Akauliza, "Hii miti ya kwa friji, iko na mwenyewe?" Nilijua ni ya nani. Nilijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, maana kila neno juu yake lilipita kinywani mwangu. Lakini katuni ilikuwa imefika patamu, na nikamjibu bila hata kugeuza shingo, "Chukua tu, Anko."

Akachukua vyote. Alidhani ni miswaki, na kwa kweli nani mwingine angeweka vijiti vya unene ule, vimekatwa vizuri, kwenye gazeti bichi ili visikauke? Hiyo ndiyo njia ya kutunza miswaki. Mwishowe alikuwa amepata kitu cha kugawa. Baada ya ibada nilimwona ukumbini anapita kwa wazee mmoja mmoja, ameinama kidogo, anatoa mswaki kwa mikono miwili. Watu walifurahi sana. Kulikuwa na wababa ambao hawakuwa wameshika mswaki wa mti tangu waondoke nyumbani. Nilimwona, nikaona vijiti. Nikajitia sijui kitu.

Jioni ile Shosho akaenda kulowesha gazeti lake kama kila Jumapili. Alifungua droo. Akaifunga, akaifungua tena. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Nani ametoa mti wa mzee?" Anko akatoka bafuni, midomo yake ya rangi ya kahawia kwa utomvu wa ganda, kijiti mkononi. Aliangalia droo, akaangalia kijiti, akaelewa kabla ya kuelezwa. "Ni mimi, Mama. Nilizani ni miswaki." Akanitupia jicho mara moja, mimi niliyekuwa nimejikunyata kwenye kochi, kisha akarudia, "Ni mimi tu." Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, sawa, lakini miaka tisa inatosha mtu kujua anachofanya.

Kesho yake Shosho akanishika mkono tukaenda kwa mzee, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuficha jambo. Rafiki yangu, hapo ndipo nilipoadhibiwa. Shosho alisema, "Mwambie mgeni wetu alichukua vijiti bila kujua." Ikabidi niseme mimi, kwa Kiingereza changu safi cha shule, nusu ya ukweli ambayo Shosho alidhani ni ukweli wote. Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alikuwa na kisiki cha mjozi mbele yake, bado cheupe. Aliuliza vimebaki vingapi. Nikasema havijabaki. Alinyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na sisi tukabaki tunatazama rangi ya mlango.

Ni Anko aliyekwenda kwa Pasta. Alikwenda kwa miguu mpaka Silver Spring, mwendo wa saa nzima na zaidi, hakungoja mtu wa kumpeleka. Pasta akaketi na simu na daftari la washirika, akapigia kila nyumba: aliyepewa mswaki na ndugu yule wa Bukavu aurudishe Jumatano kwenye maombi, hata kama ameshautafuna, na asiulize kwa nini. Jumatano ukumbi ulijaa kuliko Krismasi. Watu walileta miswaki kwenye leso, kwenye karatasi, kwenye mkebe wa peremende. Baba mmoja alikuwa ameukata vipande vinne akawagawia watoto, akavileta vyote vinne na watoto wenyewe. Shosho alikaa kwenye meza ya chai na kisu chake. Kila kijiti alikikwaruza ganda kidogo kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, kiko hai. Kukiwa na rangi ya chai, kimekufa. Alikwaruza kumi na tisa, vyote rangi ya chai. Joto la nyumba zetu lilikuwa limevikausha kwa siku tatu. Anko alisimama nyuma yake muda wote amefumba macho.

Wa mwisho kuja mezani alikuwa bibi mmoja Mrundi, mzee sana, anayetembea kwa kuegemea mjukuu wake. Alitoa taulo ndogo iliyoloa, akaifungua polepole, na ndani kijiti chake kilikuwa kizima, hakijaguswa, kirefu kama siku kilipokatwa. Alikuwa amekiweka kwenye friji yake. Pasta akamwuliza, "Nyanya, wewe hukuutumia?" Yule bibi akafungua mdomo akatuonyesha ufizi mtupu. "Meno sina tangu zamani," alisema. "Lakini mtoto amefika jana, ananipa zawadi, nitaikataa? Nikasema niitunze vizuri, akija kunitembelea aione."

Shosho akakwaruza. Kijani. Ukumbi mzima ulipiga makofi kwa ajili ya kijiti, na Shosho alifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa akalia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia.

Mwezi wa tano mzee alitoa ndoo mbili ndefu zenye miche ya jozi nyeusi za porini, zile ambazo kindi huzika kila mahali kando ya kijito na kusahau. Hiyo ndiyo ingekuwa mizizi. Walibishana wiki nzima, mimi katikati. Shosho alitaka kukata na kufunga dakika ile ile, kama makadamia. Mzee akasema mjozi ukikatwa unalia, maji yanatoka kwenye jeraha siku kadhaa na yanaozesha kijiti, kwa hiyo ukate shina mapema, uuache ulie mpaka umalize. Shosho alikubali shingo upande. Siku yenyewe alikigawa kijiti cha nyanya Mrundi vipande viwili, macho mawili kila kimoja. Alinawa mikono mara mbili. Alichonga kwa mkato mmoja mmoja, akaunganisha, mimi nikashika mche usitikisike, mzee akazungusha utepe kwa vidole vyake vya kutetemeka, kwa sababu Shosho alikataa kufunga mwenyewe. Alisema mti ni wa mzee, afunge yeye. Anko ndiye aliyeyeyusha nta ya kuziba jeraha.

Kipande cha kwanza kilikauka. Cha pili kilikaa wiki nne bila kusema kitu. Siku moja ya mwezi wa sita mzee alitugongea mlango asubuhi, mara ya kwanza kupanda ngazi zetu, amevaa slipa. Alimshika Shosho mkono akamshusha mpaka chini, na pale kwenye ndoo jicho moja lilikuwa limefunguka, jani jekundu dogo kama sikio la panya. Majira ya baridi yaliyofuata Shosho alitaka kuufunga blanketi. Mzee alikataa katakata. Alisema mti huu ukitaka blanketi basi si wenyewe. Ulisimama kwenye theluji bila nguo, na mwezi wa nne ukachipua.

Shosho alirudi Kirinyaga mwaka ule. Mjozi ulihamishiwa ardhini, pembeni ya kisiki cha ule wa zamani. Ulipozaa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na nne, na ulizaa njugu saba. Mzee alituita mimi na Anko. Anko alikuwa na mke sasa na gari lake la kazi, lakini kanisani walikuwa bado wanamwita Baba Miswaki, hata watoto, hata Pasta akisahau. Tulikaa kwenye meza ya nje. Mzee alipasua njugu moja, akaitia kinywani, akaitafuna kwa muda mrefu huku akitazama chini. Alisema ni ile ile.

Sijui ni nini kilichonishika. Nikasema hapo hapo, kwanza kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili ili kila mmoja asikie kwa lugha yake, kwamba Anko aliniuliza, na mimi nilijua, na mimi ndiye niliyesema chukua tu. Anko alinipigapiga begani. "Mimi mtu mukubwa nilikuuliza na wewe unaangalia televizyo," alisema. "Niliuliza vibaya."

Mzee alikusanya maganda ya ile njugu mkononi. Kisha akasema kwamba miaka sitini alikuwa na mti ambao hakuna mtu aliyeujua isipokuwa yeye na baba yake. Vingekaa salama vile vijiti kwenye friji yetu, angepata mti mwingine ambao hakuna mtu anayeujua. Sasa kila Jumapili kuna watu wa nchi nne wanaouliza mjozi wake unaendeleaje. Akasukuma bakuli kuelekea kwangu. Zilikuwa zimebaki njugu sita, na akasema nyanya Mrundi apelekewe mbili, zisagwe.

Nyumba ya mzee imeuzwa mara mbili tangu hapo. Majengo yetu yamepakwa rangi ya kijivu, na ngazi zinanukia sabuni tu. Mzee hayupo, nyanya Mrundi hayupo, na Shosho tulimzika Kirinyaga, kisu chake nikarudi nacho mimi. Siku nyingine nawakosa wote kwa pamoja, na ni uchungu mkubwa, nisikufiche. Lakini nenda leo Silver Spring nyuma ya kanisa, au nyumbani kwa Anko, au kwa wajukuu wa yule nyanya, au hapa Rockville chini ya dirisha langu. Mijozi yote utakayoikuta ilitoka kwenye mti ule mmoja, na mingine nimeibebesha kwa mikono yangu. Juzi mvua ya barafu ilipokwisha nilivaa viatu nikaenda kuukagua wa kwangu, tawi kwa tawi. Haukuvunjika hata mahali pamoja.